Mlawi alikuwa mchukuzi kabla hajawa mwimbaji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kanisa moja mkoani Dodoma. Kwaya yetu inaitwa "Walawi", na mwaka huu tumeshona majoho meupe kwa kuwa tulifundishwa kwamba Walawi walivaa kitani. Mzee mmoja wa kanisa anasema Walawi na makuhani ni kitu kimoja, na ndiyo maana fungu la kumi ni haki ya wachungaji. Mwingine anasema Walawi walikuwa waimbaji tu. Naomba kueleweshwa: kazi yao katika ibada ya Israeli ilikuwa ipi hasa?

JIBU: Mwalimu, kila mmoja wa wazee wako ameshika kipande cha kweli, lakini vipande hivyo viwili havitoshi kumwonyesha Mlawi mzima. Nikitakiwa nimtaje Mlawi kwa neno moja, sitasema kuhani wala mwimbaji, nitasema mchukuzi. Katika vitabu vya Musa yeye ni mtu wa kubeba na kulinda, na kuimba kulimjia baadaye, mzigo ulipotuliwa kutoka mabegani mwake.

Kabila la Lawi, mwana wa tatu wa Yakobo na Lea, lilikuwa na koo tatu: Gershoni, Kohathi na Merari. Musa na Haruni walitoka katika ukoo wa Kohathi, na ukuhani ulikabidhiwa nyumba ya Haruni peke yake. Kwa hiyo kila kuhani alikuwa Mlawi kwa kuzaliwa, lakini Walawi walio wengi hawakuwa makuhani, wala hawakuweza kuwa. Mpaka uliowatenga ulikuwa madhabahu. Kunyunyiza damu, kufukiza uvumba, kupanga mikate ya wonyesho na kutamka baraka juu ya watu zilikuwa kazi za kuhani. Hesabu 18 inaonya kwamba Mlawi akivisogelea vyombo vitakatifu au madhabahu, kifo kitawapata yeye na makuhani pia. Ajabu ni kwamba kitabu tunachokiita Mambo ya Walawi karibu chote kinawahusu makuhani. Walawi wenyewe wanatajwa humo mahali pamoja tu, katika sura ya 25, tena kwa habari ya nyumba zao za mjini.

Tofauti hiyo inaonekana tangu siku ya kuwekwa kazini. Haruni na wanawe waliogeshwa, wakavikwa mavazi matakatifu, wakapakwa mafuta na kutiwa damu ya kondoo dume. Walawi, kwa mujibu wa Hesabu 8, walinyunyiziwa maji ya utakaso, wakanyoa mwili mzima na kufua nguo zao wenyewe. Kisha wana wa Israeli wakaweka mikono juu yao, kama mtu awekavyo mkono juu ya kichwa cha mnyama wa sadaka, na Haruni akawatoa mbele za Bwana kuwa sadaka ya kutikiswa. Hakuna mafuta, wala hakuna vazi jipya. Likumbuke hilo la vazi, maana nitalirudia. Kuhani huwekwa ili atoe sadaka. Mlawi yeye mwenyewe ndiye sadaka iliyotolewa.

Alitolewa badala ya nani? Badala ya wazaliwa wa kwanza. Tangu usiku wa kutoka Misri kila mzaliwa wa kwanza wa kiume katika Israeli alihesabiwa kuwa mali ya Mungu, na Hesabu 3 inaeleza jinsi Walawi walivyochukuliwa mahali pao, kichwa kwa kichwa. Walawi wanaume, tangu mtoto wa mwezi mmoja, walikuwa 22,000; wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine walikuwa 22,273. Wale 273 waliozidi walikombolewa kwa shekeli tano kila mmoja, jumla shekeli 1,365, na fedha hiyo ikapewa Haruni na wanawe. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba idadi za koo tatu zilizotajwa katika sura hiyo, yaani 7,500 na 8,600 na 6,200, zinafanya 22,300 na si 22,000. Wafafanuzi wengi hudhani kwamba herufi moja ilidondoka katika kunakili, kwa kuwa katika Kiebrania "tatu" na "sita" hutofautiana kwa herufi moja tu, hivi kwamba 8,300 ya Kohathi ikawa 8,600. Mimi naiona rai hiyo kuwa na nguvu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Neno la Kiebrania *avoda*, ambalo Biblia zetu hulitafsiri "utumishi" au "huduma", ndilo linalotumika kwa Walawi katika kitabu cha Hesabu, na Jacob Milgrom, mmoja wa wafafanuzi wakubwa wa kitabu hicho katika karne ya 20, alionyesha kwamba katika sura hizo maana yake ni kazi ya mwili: kulivunja hema la ibada la jangwani, kulibeba na kulisimamisha tena. Sisi tukisikia "huduma" tunafikiria mimbari na vipaza sauti. Msikilizaji wa kwanza wa maneno hayo alifikiria mgongo na mabega.

Kila ukoo ulikuwa na mzigo wake. Gershoni walichukua vitu vya kukunjwa: mapazia, vifuniko vya hema, vitambaa vya ua na kamba zake. Merari walichukua mifupa ya jengo: mbao, mataruma (miti ya kuziunga mbao), nguzo na vitako vya kuzisimikia. Kohathi walichukua vyombo vitakatifu, yaani Sanduku la Agano, meza, kinara cha taa na madhabahu, lakini hawakuruhusiwa kuvigusa wala hata kuvitazama vikiwa wazi. Kambi ilipotaka kung'oka, Haruni na wanawe waliingia kwanza, wakalishusha pazia la sitara na kulifunika Sanduku, wakatandika ngozi juu yake, kisha nguo ya rangi ya samawi juu ya yote, wakaitia miti ya kuchukulia. Ndipo wana wa Kohathi wakaja kuinua. Wakuu wa makabila walipotoa magari sita na ng'ombe kumi na wawili, Gershoni walipewa magari mawili na Merari manne. Ukitaka kujua kwa nini Merari walipata maradufu, tazama Kutoka 38: vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta moja, ambayo ni zaidi ya kilo 30. Kohathi hawakupewa hata gari moja, kwa sababu mzigo wao ulikuwa wa kuchukuliwa mabegani.

Hapo ndipo kisa cha Uza kinapoeleweka. Daudi alipoliweka Sanduku juu ya gari jipya, ng'ombe wakajikwaa na Uza akaunyosha mkono kulishika akafa papo hapo, wasomaji wengi hujiuliza mtu aliyetaka kusaidia alikosa nini. Katika 1 Nyakati 15 Daudi mwenyewe anatoa jibu: mara ya kwanza Walawi hawakulichukua. Kosa lilianza kwenye gari, kabla ya mkono wa Uza.

Ulinzi ulikwenda pamoja na uchukuzi. Makabila mengine yalipiga kambi kwa mbali. Walawi walipiga kambi kuizunguka maskani, yaani hema hilo, Gershoni upande wa magharibi, Kohathi kusini, Merari kaskazini, na upande wa mashariki, penye mlango, Musa na Haruni na wana wa Haruni. Hawakuhesabiwa katika jeshi la Israeli, lakini hiyo haina maana kwamba walikuwa watu wa kukaa tu: walikuwa ukuta wa watu kati ya utakatifu na taifa, na mgeni aliyevuka alipaswa kuuawa. Kabila hili lilikuwa na historia ya upanga. Lawi na nduguye Simeoni waliwaua watu wa Shekemu, na Yakobo alipokuwa akifa aliwatamkia kutawanywa katika Israeli. Tena baada ya ndama ya dhahabu wana wa Lawi ndio waliosimama upande wa Musa, na watu wapatao 3,000 wakaanguka siku hiyo. Kutawanywa kulitimia kweli, kwa kuwa walipewa miji 48 ndani ya maeneo ya makabila mengine bila jimbo lao wenyewe, lakini laana ikawa imegeuka kazi.

Si wote walioridhika na mpaka huo. Kora, Mkohathi, yaani mtu wa ukoo uleule uliobeba Sanduku, alitaka pia chetezo, chombo cha kuhani cha kufukizia uvumba, na Musa akamuuliza kama aliona ni jambo dogo kuletwa karibu na kuitumikia maskani. Mwisho wake unaujua: ardhi ilimmeza. Wengi hawaujui mstari wa Hesabu 26 usemao kwamba wana wa Kora hawakufa, na hao ndio ambao jina lao liko juu ya Zaburi ya 42, ya 84 na nyingine kadhaa. Yule anayesema afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu ni mzao wa mtu aliyeukataa ubawabu.

Sasa kuimba. Katika sheria yote ya maskani hakuna agizo hata moja la Mlawi kuimba. Hata zile tarumbeta mbili za fedha za Hesabu 10 zilipigwa na makuhani. Mabadiliko yalikuja Sanduku lilipotulia Yerusalemu. 1 Nyakati 23 inasema waziwazi kwamba Walawi hawatahitaji tena kuichukua maskani na vyombo vyake, na mara moja inawapangia kazi nyingine: kusimama kila asubuhi na jioni kumshukuru na kumsifu Bwana, kusafisha vitu vitakatifu, kusimamia mikate na vipimo. Katika hesabu ya sura hiyo, Walawi 38,000 wa miaka 30 na zaidi waligawanywa: 24,000 kusimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 wasimamizi na waamuzi, 4,000 mabawabu na 4,000 wa vinanda. Kwa mgawanyo huo waimbaji ni chini ya mmoja katika kila tisa. Hata hivyo koo zilizobeba hazikuachwa: Hemani alikuwa wa Kohathi, Asafu wa Gershoni, Ethani wa Merari. Mabega matatu ya jangwani yakawa sauti tatu za Hekalu.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa kwaya atalipenda. Umri wa utumishi haufanani katika maandiko: Hesabu 4 yataja miaka 30 hadi 50, Hesabu 8 yasema 25, na Mambo ya Nyakati yashuka hadi 20. Marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, walieleza kwamba ile mitano kati ya 25 na 30 ni miaka ya kujifunza, na kwamba ukomo wa miaka 50 ulihusu kubeba mabegani tu. Hekaluni Mlawi hakuondolewa kwa umri bali kwa kuharibika sauti.

Kuhusu ibada ya kila siku katika Hekalu la pili, lile lililojengwa baada ya uhamisho wa Babeli, Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, imetuachia picha nzuri. Walawi walisimama jukwaani wasiopungua 12. Kuhani alipoinama kumimina divai madhabahuni, kitambaa kilipungwa, toazi likalia, Walawi wakaanza zaburi ya siku: Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, Jumanne ya 82, Jumatano ya 94, Alhamisi ya 81, Ijumaa ya 93, na siku ya Sabato ya 92, ambayo hata katika Biblia ina kichwa cha siku hiyo. Walipofika mwisho wa fungu, tarumbeta zililia na watu wakasujudu. Wimbo ulifungwa kwenye sadaka na ulikwisha pamoja nayo, kama vile 2 Nyakati 29 isemavyo juu ya siku za mfalme Hezekia. Haukuwa kipindi cha kuchangamsha watu kabla ya jambo kubwa. Watoto wa Kilawi hawakuruhusiwa kupanda jukwaani, lakini walisimama chini, vichwa vyao kati ya miguu ya wakubwa, ili sauti zao nyembamba ziutie wimbo ladha. Usiku, ulinzi uliendelea katika vituo 24, vitatu vya makuhani na 21 vya Walawi. Mkuu wa mlima wa Hekalu alizunguka na mienge, na mlinzi aliyekutwa amelala alipigwa fimbo na nguo yake ingeweza kuchomwa moto. Rabi mmoja anakumbuka kwamba mjomba wake aliunguziwa nguo kwa kosa hilo.

Lazima niseme kwamba mpaka kati ya kuhani na Mlawi hauonekani kwa ukali uleule katika kila kitabu. Kumbukumbu la Torati husema "makuhani Walawi" kana kwamba kabila zima lina haki ya madhabahu. Katika Waamuzi 17 kijana Mlawi kutoka Bethlehemu anaajiriwa kuwa kuhani wa nyumba ya Mika kwa shekeli kumi za fedha kwa mwaka, nguo na chakula. Ezekieli 44 inasema Walawi walioifuata miungu ya uongo wataondolewa madhabahuni na kubaki walinzi wa milango, na wana wa Sadoki, ukoo mmoja wa makuhani, peke yao watakaribia. Mwaka 1878 mtaalamu Mjerumani wa Biblia, Julius Wellhausen, alitumia maandiko hayo kudai kwamba mgawanyo huo ulizaliwa baada ya mfalme Yosia wa Yuda kufunga mahali pa juu, yaani madhabahu za nje ya Yerusalemu, makuhani wa vijijini wakakosa kazi, na kwamba sheria za Hesabu ziliandikwa baadaye kuuhalalisha. Wengi wamemfuata, na wengine, Milgrom akiwamo, wamempinga kwa kuonyesha kwamba msamiati wa sheria hizo ni wa kale. Mimi nakubali kwamba desturi zilitofautiana mahali na mahali kabla ya Yosia, lakini sioni kwamba Ezekieli anazungumza kama mtu anayebuni daraja jipya. Anasema kama mtu anayewarudisha watu kwenye mpaka walioruka.

Kuhusu fungu la kumi, mzee wako na aisome Hesabu 18 hadi mwisho. Fungu la kumi la mazao lilipewa Walawi kwa sababu mbili zinazotajwa hapo: kazi yao katika hema, na kukosa kwao urithi wa nchi. Nao walitakiwa kutoa sehemu ya kumi ya hilo fungu na kumpa kuhani. Yaani mkulima aliyevuna magunia 100 alimpa Mlawi kumi, na Mlawi akampa kuhani moja. Kwa hiyo, kama wachungaji ni makuhani, kwa hesabu hiyo fungu lao ni gunia moja, na kama ni Walawi, basi wasiwe na shamba. Simkejeli mtu, naonyesha tu kwamba sheria hiyo ilijengwa juu ya ardhi na kabila, na haihamishwi nusu nusu. Kumbukumbu 14 inamweka Mlawi pamoja na mgeni, yatima na mjane katika fungu la mwaka wa tatu, na hao si watu tunaowataja tunapozungumzia watu wenye kipato.

Kwamba maisha hayo yalikuwa ya mashaka kunaonekana baada ya uhamisho. Ezra 2 inahesabu makuhani 4,289 waliorudi kutoka Babeli, na Walawi 74, mbali na waimbaji 128 na mabawabu 139. Ezra mwenyewe alipokusanya msafara wake kwenye mto Ahava hakumkuta Mlawi hata mmoja, akalazimika kuwaomba, akapata 38. Nani angeacha nyumba yake Babeli akalinde mlango na kungojea magunia ya watu? Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta Walawi na waimbaji wamekimbia, kila mtu shambani kwake, kwa kuwa sehemu zao hazikutolewa. Talmudi inasema kwamba Ezra aliwaadhibu Walawi kwa kutokurudi, na fungu lao likaelekezwa kwa makuhani. Lakini hao wachache waliokuwapo ndio waliosimama katikati ya mkutano wa Nehemia 8 wakiwafafanulia watu torati hata wakaelewa, kazi ambayo baraka ya Musa katika Kumbukumbu 33 ilikuwa imeitaja na ambayo mfalme Yehoshafati aliwatuma kuifanya mijini mwa Yuda.

Nimalizie na majoho. Ni kweli kwamba 2 Nyakati 5 inawaonyesha waimbaji Walawi wamevaa kitani safi, upande wa mashariki wa madhabahu, Hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu. Lakini torati haikuwapa Walawi vazi lolote, na yaelekea kitani hakikuwa haki yao ya kila siku, kwa sababu mwanahistoria Josephus, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani, anasimulia kwamba Walawi waimbaji walimwomba mfalme Agripa wa Pili aitishe baraza na kuwaruhusu kuvaa kitani sawasawa na makuhani, wakimwambia kwamba jambo hilo litaufanya utawala wake ukumbukwe. Mfalme akakubali, baraza likapitisha. Josephus anaandika kwa uchungu kwamba hayo yote yalikuwa kinyume cha sheria za mababu. Majoho hayo mapya yalivaliwa miaka michache tu; mwaka 70 jeshi la Kirumi la Tito liliteketeza Hekalu, na jukwaa la waimbaji likaenda nalo.